Je, maji ya maganda ya machungwa yanaweza kuhifadhi maembe mwezi mzima?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa biashara ndogo hapa Muheza, mkoani Tanga. Nauza juisi ya machungwa, na msimu wa maembe ukifika ninayanunua shambani na kuyapeleka Tanga mjini, mara nyingine hadi Dar es Salaam. Maganda ya machungwa yananijazia ndoo kila siku, na maembe yananiozea kila safari. Nimeona video inayosema kwamba ukichemsha maganda ya machungwa na kuloweka matunda katika maji yake, matunda hukaa mwezi mzima bila friji. Je, ni kweli? Maji hayo yanatengenezwaje, na ninaweza kuyauza kwa wenzangu sokoni?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa swali lililonieleza karibu kila nilichohitaji kujua. Jibu fupi ni hili: maganda ya matunda yana kemikali za asili zinazozuia ukungu, na jambo hilo limethibitishwa maabara mara nyingi, lakini embe lililokomaa haliwezi kukaa mwezi mzima bila ubaridi katika joto la Tanga, na kati ya maganda yote unayoweza kuyapata, ganda la chungwa lililochemshwa ndilo ningelichagua mwisho. Sababu zake ni ndefu kidogo, lakini ukizielewa utaweza kuipima mwenyewe kila video mpya itakayokufikia.

Tuanze na namna embe linavyoharibika. Tunda lililochumwa bado ni kitu hai. Linavuta oksijeni, linatumia sukari iliyomo ndani yake, na linatoa joto, mvuke na kaboni dioksidi. Embe, kama parachichi, ndizi na nyanya, hutoa pia gesi ya ethileni, ambayo huliharakisha lenyewe na majirani zake kuiva. Kasi ya shughuli hizi inategemea joto: kwa kila nyuzi 10 za sentigredi zinazoongezeka, kasi hupanda mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo embe lililofungwa kwenye lori lililoachwa juani linatumia katika saa chache uhai ambao lingeutumia kwa siku nzima mahali penye ubaridi. Wakati huohuo linapoteza maji kupitia ganda na kikonyo, na likishapoteza takriban asilimia 5 ya uzito wake huanza kuonekana limesinyaa, hata kama hakuna kimelea chochote kilicholigusa. Jambo la tatu ni vimelea, yaani kuvu na bakteria, ambao ndio huliletea tunda madoa, ulaini na harufu mbaya.

Dondoo la maganda, yaani maji au mafuta yaliyobeba kemikali zilizotolewa kwenye ganda, linapambana na hilo la tatu peke yake. Halizuii tunda kupumua, na likipakwa kama maji matupu haliwezi kuzuia mvuke kutoka. Anayekuahidi mwezi mzima kwa kuloweka matunda katika maji ya maganda anadai kwamba amesimamisha mambo matatu kwa dawa inayogusa moja.

Hata hilo moja lina ugumu wake, na kwa embe ugumu huo unaitwa chule. Madoa meusi unayoyaona yakitokea kwenye maembe baada ya siku mbili tatu sokoni, yakaungana na kuzama ndani ya nyama, mara nyingi ni ugonjwa huu unaosababishwa na kuvu aina ya Colletotrichum. Wafanyabiashara wengi hudhani kwamba embe liliambukizwa kwenye gari au sokoni. Ukweli ni kwamba mbegu za kuvu hiyo ziliangukia tunda lilipokuwa bado dogo mtini, wakati wa mvua na umande, zikaota, zikajibanza chini ya tabaka la nta la ganda na kutulia humo kwa wiki nyingi. Hazikuendelea kwa sababu ganda la embe bichi lina kemikali zake za kujikinga, hasa kundi linaloitwa resosinoli, ambazo ni sumu kwa kuvu. Embe linapoiva kemikali hizo hupungua, na kuvu iliyokuwa imelala huamka. Parachichi nalo lina utaratibu unaofanana: ganda lake likiwa bichi lina kemikali za mafuta zinazoikandamiza kuvu hiyohiyo, nazo hupungua tunda linapolainika.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba linaonyesha wazo la kutumia maganda limetoka wapi, nalo si la kipuuzi hata kidogo. Ganda ndilo ukuta wa tunda, na mmea huweka silaha zake nyingi hapo. Ganda la komamanga lina tanini nyingi, hasa ile iitwayo punikalagini, na tanini ni kemikali zilezile zinazokaza ulimi unapotafuna ganda hilo, ambazo zimetumika tangu kale kutengenezea ngozi. Tanini hushikana na protini za kuvu na kuinyima kuvu hiyo madini ya chuma. Ganda la embe lina polifenoli nyingi, yaani kundi kubwa la kemikali za kinga za mimea, ikiwemo mangiferini, pamoja na hizo resosinoli nilizozitaja. Ganda la chungwa lina flavonoidi, ambazo ni tawi la polifenoli, kama hesperidini, na juu yake lina mafuta ya kunukia ambayo zaidi ya asilimia 90 ni limoneni. Sababu ya pili ni kwamba kuvu ambayo imekwishaingia chini ya nta haifikiwi kwa urahisi na maji yanayopita juu ya ganda. Maabara, mtafiti huweka kuvu kwenye kisahani chenye chakula laini, akaichanganya na dondoo kali, na kuvu hushindwa kukua. Kwenye embe, dondoo hilohilo linateleza juu ya nta, linakauka, na adui yuko ndani. Matokeo ya kisahani na matokeo ya kreti la maembe ni mambo mawili, na video nyingi huchukua la kwanza na kulitangaza kama la pili.

Sasa nije kwenye chungwa lenyewe. Nafahamu kwamba kwa mtu wa Muheza, ambako machungwa ni mengi, habari hii haitapendeza. Mafuta yaliyo kwenye ganda la chungwa ni makali kwa mimea, hata kwa chungwa lenyewe. Huenda umewahi kuona machungwa yaliyochumwa alfajiri, ganda likiwa limejaa maji na umande ukiwa juu yake, yakatokeza baada ya siku kadhaa mabaka yaliyobonyea, ya njano au kahawia. Hayo si ugonjwa. Ni vifuko vya mafuta vilivyopasuka kwa kubanwa mikononi au kwenye gunia, mafuta yakamwagika na kuunguza seli za jirani. Ndiyo maana wachumaji wenye uzoefu husubiri umande ukauke kabla ya kuanza kazi. Mafuta yanayoliunguza ganda la chungwa yanaweza kuliunguza ganda la embe pia yakipakwa makali, na yakipakwa hafifu kiasi cha kutounguza, mara nyingi huwa hafifu kiasi cha kutoizuia kuvu.

Kuna jambo jingine ambalo hushangaza hata wanafunzi wangu. Ukungu wa kijani unaoozesha machungwa, Penicillium digitatum, umeizoea harufu ya ganda la chungwa kiasi kwamba mvuke unaotoka kwenye chungwa lililojeruhiwa huchochea mbegu zake kuota. Kemikali tunayodhani ni kinga, kwake ni ishara kwamba mlango umefunguliwa. Kwa hiyo mtu anayenyunyizia machungwa yake dondoo la maganda ya machungwa, hasa lililotokana na maganda yaliyolala kwenye ndoo tangu jana, anaweza kuwa anawapelekea vimelea chakula na mwaliko kwa pamoja.

Na katika kuchemsha kwenyewe kuna hasara. Limoneni haiyeyuki vizuri katika maji, na maji yanapochemka kwenye sufuria isiyofunikwa sehemu kubwa ya mafuta hayo hupaa na mvuke. Ndiyo maana jikoni hunukia vizuri wakati sufuria inazidi kuishiwa. Kinachobaki ni maji yenye flavonoidi kidogo, sukari na pektini, ile inayogandisha jamu. Sukari hiyo ni chakula cha bakteria na hamira. Ukiyaacha maji hayo kwenye ndoo katika joto la Muheza, kesho yatakuwa yameanza kuchacha, na atakayeloweka maembe humo anayaogesha katika uchafu.

Kabla ya kufika kwenye la kufanya, nitaje bidhaa mbili ambazo huenda ndizo zilizoipa nguvu habari uliyoisikia, kwa kuwa zote mbili hutajwa vibaya. Ya kwanza ni dondoo la mbegu za balungi, lililouzwa kwa miaka mingi Ulaya na Marekani kama kiua vimelea cha asili. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichunguza dondoo sita za namna hiyo zilizokuwa sokoni. Tano zilionekana kuua vimelea, na katika hizo tano walikuta kemikali ya viwandani iitwayo benzethoni kloridi, ilhali ile ya sita, ambayo haikuwa na kihifadhi chochote cha viwandani, haikuua kitu. Uchunguzi uliofuata Marekani ulikuta hali inayofanana. Sisemi kwamba kila kitu cha asili ni udanganyifu. Nasema kwamba neno asili lililoandikwa kwenye chupa halithibitishi kilichomo.

Ya pili ni Apeel, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 2012, ambayo bidhaa yake hupakwa kwenye maparachichi na matunda mengine ili yadumu zaidi. Watu husimulia kwamba ni dawa ya maganda inayoua vijidudu. Sivyo. Kiambato chake kikuu ni aina ya mafuta ya mimea yanayoitwa monogliseridi, ambayo hukauka juu ya tunda na kuwa utando mwembamba unaopunguza kasi ya maji kutoka na oksijeni kuingia. Yaani imefanya kazi kwenye yale mambo mawili ya kwanza niliyoyataja, kupumua na kukauka, wala haikuanza na vimelea. Hata hivyo, utando wa aina hiyo hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo tunda limepoozwa tangu mwanzo.

Kwa biashara yako, ningeweka fedha na nguvu kwanza mahali pengine kabisa, na kwa embe mahali hapo ni maji ya moto. Maembe yaliyokomaa lakini bado magumu, yakizamishwa katika maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5, ndani ya siku moja tangu kuchumwa, hupungukiwa sana na chule, kwa sababu joto hupenya chini ya nta na kuikuta kuvu ilikojificha, mahali ambapo dondoo halifiki. Huhitaji mtambo: pipa lililokatwa nusu, moto wa kuni, mwiko mrefu wa kukorogea na kipimajoto cha kuaminika vinatosha. Kipimajoto si cha kukisia kwa kidole. Maji yakizidi nyuzi 55 ganda huungua, na yakishuka chini ya 50 unapoteza muda. Ukitumbukiza maembe mengi kwa mara moja, joto la maji litashuka ghafla, kwa hiyo weka machache, koroga ili joto lienee, na uwe na maji yanayochemka pembeni ya kuongezea. Aina za maembe hazivumilii joto kwa kiwango kimoja. Jaribu machache ya kila aina, iwe dodo, boribo au Tommy Atkins, uyaangalie kwa siku tano kabla ya kuchovya mzigo mzima. Baada ya hapo yaanikwe kivulini yakauke na kupoa. Usiyaoshe tena kwa maji ya mtoni.

Kabla ya maji ya moto, oshea utomvu na vumbi kwa maji safi yenye klorini. Kama chupa yako ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, imeandikwa asilimia 3.5 ya sodiamu haipokloriti, mililita 3 kwa kila lita ya maji hukupa takriban sehemu 100 kwa milioni, kiwango ambacho hutumika kwa kazi hii. Badilisha maji yakishakuwa machafu, kwa sababu uchafu huimaliza klorini mapema. Chumeni maembe yakiwa na kikonyo kifupi ili utomvu usimwagikie ganda na kuliunguza. Kikonyo kikatwe baadaye, embe likiwa limeinamishwa. Tumia makreti ya plastiki badala ya magunia na matenga yaliyojazwa kwa kushindilia, kwa sababu kila jeraha ni mlango wa ukungu usiohitaji kuvunja nta yoyote. Safiri usiku. Haya ni mambo ya kawaida, na nafahamu kwamba hayavutii kama video ya ganda la chungwa, lakini ukiyafanya yote, hasara utakayoepuka itazidi kile ambacho dondoo lolote ninalolijua lingekupa.

Kuhusu ubaridi, nitasema kidogo tu. Embe halipendi friji ya nyumbani. Chini ya nyuzi 12 au 13 linapata majeraha ya baridi, ganda linakuwa na madoa ya kijivu na linashindwa kuiva vizuri. Kibanda cha mkaa au cha matofali na mchanga unaomwagiwa maji hupoza vizuri mahali pakavu kama Dodoma na Singida. Kwenu pwani, ambako hewa tayari imejaa unyevu, kitapunguza nyuzi chache tu, ingawa kitasaidia matunda yasisinyae.

Nikiyasema hayo yote, sitaki uondoke ukidhani kwamba maganda hayana nafasi. Yana nafasi ndogo, ya msaidizi, na ukipenda kujaribu kwa uangalifu nitakueleza ninavyoshauri wajasiriamali wanaokuja chuoni kwetu.

Badala ya ganda la chungwa, tumia ganda la komamanga, na ukilikosa, ganda la embe lililobaki baada ya kutengeneza juisi. Matunda hayo yawe yametoka kwa mkulima unayemfahamu na unayejua alipulizia nini na lini, kwa sababu mabaki ya viuatilifu hukaa zaidi kwenye ganda, na unapokamua kemikali nzuri unakamua na hayo mabaki, ukayakusanya kwenye ndoo moja. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie kamwe maganda ya machungwa au matofaa yaliyoletwa kutoka nje. Mengi hupakwa nta na dawa za kuzuia ukungu kama imazalili, na ikiwa dondoo lake litazuia ukungu huenda ni dawa hiyo ndiyo inayofanya kazi. Osha maganda yakiwa bado mabichi, siku ileile, yakate vipande vidogo na uyakaushe kivulini penye upepo au kwenye kikaushio cha jua kisichozidi nyuzi 60. Yakishavunjika kwa vidole, yasage. Yaliyoota ukungu wakati wa kukauka yatupwe yote, hakuna kuchagua.

Chukua gramu 100 za unga huo kwa lita moja ya maji safi ya nyuzi 60 hadi 70, funika, acha kwa nusu saa huku ukikoroga, kisha chuja kwa kitambaa safi mara mbili. Sufuria isiwe ya chuma kinachoshika kutu, kwa sababu tanini zikikutana na chuma hugeuka nyeusi na zitakuchafulia matunda. Maabara nyingi hutumia ethanoli au methanoli badala ya maji, kwa kuwa pombe hutoa kemikali nyingi zaidi, wewe usithubutu. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, spiriti ya kuwashia au ya dukani mara nyingi imechanganywa nayo, na gongo haina anayejua kilichomo. Vaa glavu unaposhughulikia maganda ya embe, maana resosinoli zilezile huwafanya baadhi ya watu kuwashwa na kutoka malengelenge; na aliyeshika maganda ya ndimu anawe mikono vizuri kabla ya kutoka juani, kwani ganda la ndimu lina kemikali zinazoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua.

Maji hayo peke yake, kama nilivyosema, yatateleza. Yanahitaji kitu cha kuyashikilia juu ya ganda, na kitu hicho ndicho kitakachopunguza pia kukauka na kupumua. Kwa mtu wa kawaida ningependekeza gundi ya mgunga, inayojulikana kibiashara kama gamu arabiki, ambayo ni kiambato cha chakula kinachokubalika duniani na ambayo miti yake inaota hata katika maeneo makame ya nchi yetu. Gramu 100 za gundi safi ya kiwango cha chakula katika lita moja ya dondoo ni kipimo cha kuanzia, kwa kuwa kiwango hicho ndicho kilichofanya vizuri katika majaribio ya nyanya. Usifikiri kwamba ukizidisha utapata mara mbili. Utando mzito hulikaba tunda. Likikosa oksijeni huanza kuchacha kwa ndani, nalo litaonekana zuri kwa macho huku likinuka pombe mdomoni, na mteja aliyelinunua hatarudi. Yeyusha gundi katika dondoo lililo vuguvugu, chuja tena, chovya maembe yaliyokwishapita kwenye maji ya moto na kukauka kabisa, kwa dakika moja au mbili, kisha uyaanike kwenye waya yakaushwe na upepo. Dondoo litumike siku hiyohiyo. Kinachobaki jioni kimwagwe, hata kama kinakuuma, kwa sababu nilishaeleza kwamba nacho huoza.

Tumia utaratibu huu kwa matunda yanayomenywa kabla ya kuliwa, kama embe, parachichi au ndizi. Sishauri uupake kwenye nyanya, pilipili hoho au mboga za majani unazomuuzia mtu mwingine, kwa kuwa ataila ngozi na kila ulichoweka juu yake. Wala usiutegemee kwa matunda yaliyokatwa. Kipande cha tikiti maji kilichokaa mezani hakina asidi ya kutosha kuzuia bakteria hatari, na hakuna ganda litakalokisaidia; kinahitaji barafu na kuliwa mapema.

Tanini za komamanga huacha rangi ya hudhurungi hafifu, jambo ambalo kwa embe la kijani baadhi ya wanunuzi hawalipendi. Ndiyo maana nasisitiza ujaribu kabla ya kubadilisha biashara yako. Chukua maembe 60 ya mti mmoja, yaliyochumwa siku moja na yenye ukomavu mmoja, uyagawe kwa kuchanganya bila kuchagua katika mafungu manne ya 15: la kwanza lioshwe tu, la pili lipate maji ya moto, la tatu maji ya moto na gundi tupu, la nne maji ya moto na gundi yenye dondoo. Yaweke mahali pamoja, yapime uzito kila asubuhi, uandike yaliyooza, yaliyosinyaa na yaliyobaki mazuri, na mwisho uyaonje bila kujua ni ya fungu gani. Fungu la nne likilishinda la tatu kwa wazi, dondoo linafanya kazi na lina thamani kwako. Yakilingana, gundi ndiyo iliyofanya kazi na maganda unaweza kuyaacha. Na fungu la pili likikaribia la nne, kama ninavyotarajia kwa maembe yenye chule nyingi, utakuwa umejua kuni na kipimajoto vinatosha. Watu wengi hufanya jaribio lenye fungu la kwanza na la nne peke yake, kisha hulisifu ganda kwa kazi iliyofanywa na moto.

Matarajio yako yawe ya siku chache za ziada. Kwa mfanyabiashara anayesafirisha hadi Dar es Salaam, siku tatu za ziada ni pesa nyingi, wala hazihitaji kuongezewa chumvi hadi zifike mwezi.

Kuhusu kuyauza maji hayo kwa wenzako, ushauri wangu ni kwamba usiyauze katika hali hiyo. Dondoo linalotengenezwa nyumbani hubadilika kila siku kwa aina ya tunda, ukomavu wake na joto la maji, na linachacha njiani. Aliyelinunua leo likamfaa, kesho litamharibia mzigo. Isitoshe, bidhaa inayowekwa kwenye chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo pia linalosimamia usalama wa chakula, na ukiitangaza kama dawa ya kuua vimelea vya mazao utakuwa umeingia kwenye eneo la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kama jaribio lako litakupa matokeo mazuri, peleka maandishi yako kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo kilicho karibu nawe. Mtu aliyekuja na daftari la vipimo husikilizwa kwa namna tofauti na aliyekuja na chupa.

Yamebaki maganda yako ya machungwa. Sehemu nyeupe iliyo chini ya ganda ina pektini nyingi, inayofikia robo ya uzito wake ikishakauka, na ndiyo inayoigandisha mamaledi, yaani jamu ya machungwa na maganda yake. Hiyo ni bidhaa unayoweza kuitengeneza na kuiuza kwa taratibu za TBS zinazojulikana, na katika mamaledi maganda huhifadhiwa na sukari na asidi, njia ambayo haina shaka yoyote. Yanayozidi hapo, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walio karibu nawe wanaweza kuyachukua. Brazil na katika jimbo la Florida, Marekani, mabaki ya viwanda vya juisi hukaushwa na kulishwa mifugo kwa wingi. Yakaushwe siku yanapotoka, ng'ombe waanzishiwe kidogo kidogo pamoja na majani yao ya kawaida, na yaliyoota ukungu yasipewe mnyama yeyote.